Skrini Pana na Shangazi Asiyenenepa

Najua utacheka. Cheka kwanza, ukimaliza unisikilize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na sikuwa nimeonja hata tone la kitu. Sikusimuliwa na mtu. Na tafadhali usianze kuniambia kwamba ni kwa sababu natoka Sumbawanga. Nyie wa mikoa mingine mkisikia jina hilo tu mnauliza radi inatumwaje na mtu anageukaje fisi. Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, nimeolewa hapa, na radi zote nilizoziona zilikuja na mvua yake. Kilichonitisha mimi hakikutoka kwa mganga. Kilikuja kwenye pikapu kutoka Tunduma, kimefungwa kwenye blanketi, na kilikuwa monita ya kompyuta.

Nina duka la steshenari mtaa wa Chanji. Mbele nachapa barua, mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Nyuma ya pazia naediti video za harusi, ambazo naenda kuzipiga mwenyewe na kamera yangu begani. Miaka ile biashara ilikuwa imeshafunguliwa kweli kweli, vitu vilivyochoka maofisini Ulaya vilikuwa vinamwagika Tunduma, na kila aliyekuwa na shughuli alitaka aonekane kwenye TV. Kazi ilikuwepo. Tatizo lilikuwa monita yangu, ile ya zamani yenye kisogo kirefu, ndogo, nzito, na picha inatetemeka kila mashine ya kusaga jirani ikiwashwa. Ilikuwa na sifa moja tu, joto. Baridi ya Ufipa unaijua? Mwezi wa sita nilikuwa naota mikono kwenye kisogo chake, na paka wangu alikuwa analala juu yake tangu asubuhi.

Sasa kabla sijafika mbali, nikueleze habari ya zawadi, maana bila hiyo hutanielewa. Kwenye harusi zetu zawadi hazipelekwi kimya kimya. Mshereheshaji anaita kundi, muziki unapigwa, watu wanajipanga mstari, na kila mmoja anakuja akicheza na zawadi yake ameiinua juu. Akifika mbele ya kamera anapunguza mwendo. Wengine wanasimama kabisa na kunigeuzia zawadi nione na upande wa pili. Mtu anaweza kukusamehe ukimsahau kwenye chakula, lakini ukimkata kwenye zawadi ni ugomvi wa miaka.

Na mimi nilikuwa nakata. Ngoja niseme ukweli, si nimeshaanza. Sherehe ilikuwa ndefu na DVD ilikuwa moja, kwa hiyo nilikuwa na sheria yangu. Mwenye kabati, kitanda, godoro au ng'ombe, huyo anabaki. Wa sufuria nampitisha haraka. Wa vikombe vya chai namkata, akiniuliza namwambia betri iliisha. Na pale mstari unapokatika, pakawa na nafasi tupu kabla mwingine hajafika, hapo nilikuwa nakata bila kufikiri, maana nani anunue DVD atazame sakafu?

Haya. Jumamosi moja nikapiga harusi ya Oresta, binti wa kule Kasense. Baba yake, Mzee Polikarpo, analima mahindi na ulezi. Mama yake, Mama Oresta, tunaimba naye kwaya, na ni mwembamba kupita kiasi, jambo linalomuuma tangu ujana. Bwana harusi aliitwa Shija, kijana wa Kisukuma, wazazi wake walihamia na ng'ombe wao huku bonde la Rukwa. Upande wa bwana harusi walimleta ng'ombe mzima mzima ndani ya ukumbi. Ng'ombe alifika mbele ya kamera, akainua mkia, akafanya mambo yake, na wenyewe wakanikataza kabisa kukata sehemu hiyo. Mama Oresta naye akaingia na kabati la vioo, limebebwa na wanaume wanne, yeye mbele anacheza. Ilikuwa harusi nzuri. Mzee Polikarpo peke yake ndiye aliyecheza ameinamisha kichwa, nikadhani amechoka.

Jumapili baada ya misa nikaediti sehemu ya zawadi kwa sheria yangu. Jumatatu asubuhi akaingia Ulimboka, mfanyabiashara wa Mbeya anayetuletea vitu vya umeme, akaweka blanketi lake mezani na kulifungua kama mkunga.

"Dada, hii ndiyo monita ya kisasa. Pana. Ukiiona hii, lile gogo lako utalitupa."

"Kitu kilichotumika sinunui kwa maneno," nikamwambia.

"Basi kaa nayo mpaka Jumamosi. Ijaribu kwa barua, ijaribu kwa video. Isipokufaa naichukua, kuna hoteli wanaitaka."

Basi nikaanza kuchomeka waya. Ndipo akaja Oresta mwenyewe na mume wake, wako njiani kushuka bondeni kwa wakwe, wangerudi Jumapili kuangalia video. Shija akabaki nje na mizigo. Oresta akakaa kwenye benchi la wateja, na kabla hajasema lolote akaanza kulia.

"Mama, shangazi yangu hakuja," akasema. "Shangazi Leokadia wa Milepa, kule bondeni. Ndiye aliyenilea, mimi nimekaa kwake mpaka darasa la saba. Wanasema miguu inamuuma. Si miguu, mama. Alisema nikiolewa na mfugaji nitaishia kuchunga. Amenisusia. Hata zawadi hakuagiza."

"Pole, mwanangu."

"Naomba umtafute kwenye video. Labda alikaa nyuma, mimi na shela lile sikuona vizuri. Nikimwona hata mgongo tu nitajua ndoa yangu ameibariki. Asipokuwepo, basi."

Nikamwambia nitamtafuta. Unajua nilimwambia nikiwa wapi? Chini ya meza, natafuta tundu la waya. Sikuuliza shangazi ana sura gani, mrefu au mfupi, alivaa nini. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye monita ya watu. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Jumanne niliijaribu kwa kazi za kila siku, na nitakwambia bila kuficha, maana wengi mnanunua vitu hivi kwa kufuata mkumbo. Kwa barua inafaa sana. Kurasa mbili zinakaa bega kwa bega, unasoma huku unaandika huku, na shingo haichoki. Maandishi hayatetemeki hata mashine ya kusaga ikiwashwa. Ila ina kasoro zake. Mwanga ulikuwa mkali mpaka nikaupunguza nusu. Ukikaa pembeni rangi zinageuka, mteja wa kwenye benchi anaona uso wake mweusi na meno ya bluu. Na ni pana mno kwa siri. Nilikuwa nachapa mtihani wa jiografia, binti mmoja akaja kununua kalamu, akakaa dirishani muda mrefu anachagua kalamu moja, na kumbe anasoma swali la nne. Ikabidi niigeuze meza itazame ukuta. Halafu haina joto kabisa. Paka alipanda, akakosa pa kulala, akanitazama kwa dharau, akahamia kwa fundi cherehani.

Rangi nyeupe niliipima kwa kitambaa cha altare nilichokuwa nimepewa kufua. Nikakiweka pembeni ya skrini, nikafungua picha ya gauni la Oresta, nikaona gauni lina ubluu. Nikabonyeza bonyeza vitufe vya chini mpaka gauni na kitambaa vikafanana. Ukitaka kupima weupe wa monita, tafuta kitambaa ambacho Padri mwenyewe hajawahi kukilalamikia.

Jumatano nikaingia kwenye video, na hapo nikaipenda. Kwenye ile ndogo nilikuwa naona kipande kidogo cha kazi, navuta mbele, narudi nyuma, nasahau nilikuwa natafuta nini. Kwenye hii harusi yote ilijilaza mbele yangu, kuanzia mlango wa kanisa mpaka keki. Ila watu! Kamera yangu ilikuwa ya picha za mraba, skrini ni pana, basi ikawavuta watu kujaza nafasi. Kila mtu alikuwa amenenepa. Bwana harusi ana mashavu ya askofu. Ng'ombe amekuwa kiboko. Kurekebisha ni kazi ya dakika moja, nikawa natafuta hicho kitufe, ndipo Mama Oresta akapita kusalimia.

Akajiona. Akashika mdomo.

"Jamani, huyu ni mimi?"

"Ni wewe, lakini subiri nirekebishe..."

"Urekebishe nini? Usiguse! Miaka yote naambiwa Mama Oresta utapeperuka. Leo nimenenepa, unataka kunikondesha tena?"

Nikaacha. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mteja ameridhika. Mama Oresta akaondoka anatembea kwa madaha, kana kwamba ile minofu ameondoka nayo.

Nikaendelea peke yangu na mstari wa zawadi. Wanene, wanene, wanene. Kabati, kitanda, wanene. Halafu nikaona kitu ambacho sikukumbuka kukipiga. Katikati ya mstari anakuja mwanamke mmoja mtu mzima, mrefu, mwembamba, kitenge cha kahawia, kapu kichwani. Mbele yake mtu mnene kama gunia, nyuma yake mtu mnene kama gunia, na yeye kanyooka tu. Skrini imemvuta kila mtu, yeye haikumvuta. Nikajiambia, basi huyu mwenyewe alikuwa mwembamba sana. Nikamlinganisha na Mama Oresta ambaye sote tunamjua, nikaona hesabu haikubali.

Na mimi, kwa akili yangu ya sheria, nikaangalia zawadi. Kapu. Nikamkata.

Nikaenda kumuuzia mtu bahasha, nikarudi. Yupo. Nikasema sikuhifadhi vizuri, nikamkata tena, nikahifadhi. Nikanywa chai. Yupo. Nikamkata mara ya tatu kwa hasira na kuzima kompyuta kabisa, nikalaumu virusi vya flashi ya mwalimu mkuu. Kuwasha tena, yule mama anakuja taratibu na kapu lake, na safari hii, niamini, alikuwa amenigeuzia uso kidogo, kama mtu anayekaribia kukuuliza jambo.

Nikasema hili ni tatizo la monita, nairudisha. Nikachomoa waya, nikachomeka kwenye gogo langu la zamani. Nikatafuta palepale. Hakuwepo. Kulikuwa na nafasi tupu tu, mstari umekatika, sakafu inaonekana. Lakini nilipotazama vizuri nikaona watoto waliokuwa wamekaa chini wanakunja miguu yao mmoja baada ya mwingine, vile watoto wanavyofanya mtu mzima akipita. Na hapakuwa na mtu anayepita. Nafasi hiyo nilikuwa nimeshaikata tangu Jumapili, bila kuangalia, na sasa ilikuwa imerudi.

Siku ile nilifunga duka mapema. Mume wangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia kichwa.

Alhamisi ikapita na wateja wengi, na mimi sikuigusa video. Ilipofika kengele ya jioni nilikuwa nafagia, jua bado lipo lipo, upepo ule wa kwetu unapiga bati. Paka akarudi. Siku tatu hajakanyaga, akaingia moja kwa moja akakaa kwenye benchi la wateja na kuanza kukoroma, kama amempata wa kumkalia. Nikageuka. Mlangoni amesimama yule mama na kapu lake.

Wewe ungekimbia. Mimi pia ningekimbia, ila yeye ndiye aliyekuwa mlangoni. Kitu cha kwanza nilichofanya nikamtazama miguu, maana tumefundishwa hivyo, natafuta kwato za jini. Hakukuwa na kwato. Kulikuwa na kandambili, moja imefungwa kwa waya.

"Shikamoo, mama," nikasema. Sauti ilitoka ya mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia huku watu wanakuja kujiona."

Alisema Kiswahili chenye Kifipa cha bondeni ndani yake, taratibu, hana haraka. Akakaa kwenye benchi, paka akampisha kidogo. Mimi nikaenda nyuma ya pazia, nikairudishia waya ile pana na kuiwasha, nikafungua pazia, nikaigeuza imwelekee. Nikampigia mstari wa zawadi. Hivi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nahudumia mteja. Ndiyo kazi ninayoijua.

Akatazama. Akajiona anapita. Akauliza, "Mbona wenzangu wote wamenenepa, mimi umeniacha hivi?"

Nikajieleza. Picha mraba, skrini pana, inavuta. Akasema, "Basi nivute na mimi." Naapa kwa jina la ubatizo wangu, nilijaribu. Nilibonyeza kila kitufe. Nikavuta mpaka Mzee Polikarpo akajaa skrini nzima kama mlima, na yeye palepale, kanyooka.

"Acha," akasema. "Hata nilipokuwepo sikunenepa."

Hata nilipokuwepo. Ndugu yangu, nywele zilinisimama mpaka kitambaa kikaniteleza kichwani.

"Ila unanikata kwa nini? Mara nne, nimehesabu. Mwenye kabati hukumkata."

"Mama, kabati ni zawadi kubwa. Nafasi yenyewe ndogo..."

"Kabati!" Akacheka, kicheko cha wifi kabisa. "Lile kabati ni la jirani yake wa nyuma. Limeazimwa Ijumaa usiku, limerudi Jumatatu kabla jogoo hajawika. Uliza lilikuwa na vikombe vya nani. Na yule ng'ombe amezungushwa mara mbili, katolewa mlango wa nyuma, kaingizwa wa mbele. Angalia pembe."

Nikarudisha nyuma kuangalia. Niseme uongo? Woga wote ulinitoka kwa dakika moja. Pembe ni zilezile, moja imevunjika ncha! Ng'ombe mmoja, zawadi mbili. Na godoro je? Akaniambia na godoro. Tulikaa pale, mimi na yeye, tukaupitia mstari wote mmoja mmoja, na kama mtu angetuchungulia dirishani angeona wanawake wawili wanasengenya harusi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mwenzangu hakuwa mteja wa kawaida.

Halafu akashusha kapu, akaliweka juu ya meza, pembeni ya kibodi. Ulezi, umepepetwa safi.

"Huu sikuuazima," akasema. "Nimeulima kwa mkono wangu, nikaupepeta wa kumpelekea mwanangu Oresta. Naye huko anakoenda anasema nimemsusia. Kweli nilisema atachunga. Sasa kuchunga ni dhambi? Nilisema kwa midomo. Usinikate, mwanangu. Aone nimepita."

"Sikukati, mama," nikamwambia, na nikaona nalia. "Sikukati tena."

"Na mwambie wifi yangu, kukusanya sifa kwa kabati la watu ni aibu, lakini nimemsamehe."

Mashine ya kusaga ikawashwa jirani, taa ikapepesa. Nilipofungua macho vizuri benchi lilikuwa na paka peke yake. Kapu halipo. Juu ya kibodi kulikuwa na ulezi wa kujaa kiganja.

Mpaka hapo, niamini, nilikuwa bado sijajua. Moyoni nilihisi, lakini kujua ni kitu kingine. Ijumaa asubuhi nikapanda pikipiki mpaka Kasense. Mama Oresta alikuwa uani anachambua maharage. Nikamwambia nimetembelewa na shangazi Leokadia dukani, ameleta ulezi, anasema hakumsusia Oresta.

Mama Oresta akacheka kwanza. Nikamwambia habari ya kabati, la jirani wa nyuma, Ijumaa usiku. Akakaa chini juu ya maharage yake.

"Nani amekuambia? Tuliosuka habari ile ni mimi na jirani tu."

"Ameniambia wifi yako."

"Leokadia tulimzika siku hiyohiyo ya Ijumaa," akasema kwa sauti ya chini. "Asubuhi, Milepa. Kabati nimeazima usiku, yeye tayari yuko chini."

Ndipo akanieleza yote. Leokadia alifariki Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Habari ikaja wakati ng'ombe wa wakwe wameshafika, mchele umeshachambuliwa, na wageni wako njiani kutoka kila upande. Wazee wakakaa, wakaamua msiba ufichwe mpaka harusi ipite. Hilo kwetu hufanyika, wala si ukatili, watu huogopa kuchanganya machozi na shela. Mzee Polikarpo alishuka bondeni usiku, akamzika dada yake asubuhi, akapanda, na Jumamosi akacheza kwenye harusi ya bintiye. Oresta wakampa ile hadithi ya miguu. Walipanga kumwambia Jumapili akirudi.

Na mimi niliyedhani mzee amechoka!

Jumamosi akaja Ulimboka. "Vipi dada, inafaa?" Nikamwambia kwa barua inafaa, kwa video inafaa kupita kiasi, na kesho anisaidie na pikapu yake kuipeleka Kasense. Akacheka, akadhani nataka kuwaringishia watu.

Jumapili wakamwambia Oresta baada ya misa. Nilipofika na vyombo vyangu bado alikuwa chini, mgongo ukutani, anasema neno moja tu kwa kulirudia, "Amekufa amenikasirikia. Amekufa amenikasirikia." Shija amechuchumaa mbele yake hajui mikono aiweke wapi. Mzee Polikarpo alikuwa nje, hataki kuingia. Nikamwita mwenyewe. Nikamwambia, "Baba, njoo. Nimewakosea wote, nataka kurekebisha." Akaingia.

Nikawasha. Unene sikuurekebisha. Mama Oresta akapita na kabati lake, na safari hii hakujitazama, alitazama sakafu. Ng'ombe akapita. Ng'ombe akapita tena. Hakuna aliyecheka. Halafu mstari ukafunguka, akaingia yeye, mrefu, mwembamba, katikati ya wanene, kapu kichwani, hana haraka. Alipofika mbele alifanya kitu ambacho siku zote hizo hakukifanya. Alisimama, akashusha kapu kwa mikono miwili, akainama kidogo kama anayempa mtu, na akacheka.

Watu wote wakasogea karibu na skrini. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye mkeka, mkubwa kuliko wote pale, ndiye aliyesema, "Ni yeye. Huyu hata umlishe nini hanenepi."

Oresta akapasuka kicheko. Alicheka na kulia kwa pamoja, kamasi na machozi, akatambaa mpaka kwenye skrini na kuweka kiganja chake pale kwenye kapu. "Shangazi, nimepokea," akasema. "Nimepokea, mama." Mzee Polikarpo akajifunika uso na koti lake, na kwa mara ya kwanza tangu amzike dada yake akalia kwa sauti.

Ulimboka alikuwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza kufunga waya na kumwambia aniletee blanketi lake, akarudi nyuma hatua tatu. "Dada, hiyo sasa ni yako. Mimi kwenye gari langu hairudi." Hoteli wakatafutiwa nyingine.

Kwa hiyo mkiniuliza kama monita pana inafaa, jibu langu mmelisikia. Bado ninayo. Haijaharibika, haijatetemeka, ubluu haujarudi. Kibodi nacho ni kilekile, na kila nikikipindua kukifuta vumbi inadondoka punje moja ya ulezi, moja tu, na sijui nyingine zinakaa wapi. Harusi zangu siku hizi ni ndefu, DVD mbili, tatu, watu wananung'unika kwamba napiga hadi vikombe. Wanung'unike. Kila harusi mpya naivuta kwanza inenepe, halafu natazama mstari mzima ni nani amebaki amenyooka. Mara nyingi hakuna. Mara mbili amekuwepo mtu, na mara zote mbili nimefunga duka nikaenda kubisha hodi kwa wenye harusi.

Sasa nikuonye na wewe. Ukimpa mtu kazi ya video, usimwambie akate nafasi tupu. Kwenye TV ya Oresta ile ya kawaida, shangazi haonekani, niliwaambia mapema. Hapo kwenye mstari pana sakafu tu, na watoto wanakunja miguu. Wageni wakija kuangalia harusi hudhani mkanda umekwama, na mmoja atanyoosha mkono kwenye rimoti apeleke mbele. Oresta anamshika mkono.

"Subiri," anamwambia. "Shangazi anapita."